Kabla ya Kuhesabu Makombe, Uliza Nani Aliyeinunua Timu

Nilipohamia Rochester, katika jimbo la New York, nilitaka kuuelewa mji huo kupitia timu yake ya besiboli, Red Wings, ambayo hucheza ligi ndogo, yaani ngazi wanakopikwa wachezaji kabla ya kupandishwa timu kubwa. Nilianza vibaya. Niliorodhesha ubingwa wa mfululizo wa 1928 hadi 1931, nikakariri majina ya magwiji waliopitia hapo, akiwemo Stan Musial mwaka 1941, na daftari likajaa bila kunieleza lolote kuhusu watu wa Rochester wenyewe.

Ndiyo maana namshauri yeyote anayetafuta historia ya timu ndogo ya mji wake mpya aanze na umiliki. Timu hizi huishi kwenye kivuli cha timu kubwa, ambayo huwalipa wachezaji, huwaita inapowahitaji, na siku ikiamua huenda zake. Red Wings ililelewa na St. Louis Cardinals, kisha Baltimore Orioles kuanzia 1961 hadi 2002, halafu Minnesota Twins, na tangu 2021 Washington Nationals. Ukifuata mlolongo huo peke yake, utadhani mji ulikuwa mpangaji tu.

Haukuwa mpangaji. Cardinals walipotaka kuachana na timu hiyo, mfanyabiashara wa hapo, Morrie Silver, aliongoza kampeni ya kuwauzia wananchi hisa kwa dola 10 kila moja, na mwaka 1957 watu 8,222 wakawa wenye timu. Aliyekulia katikati ya mabishano ya wanachama na wawekezaji wa Simba na Yanga ataelewa mara moja uzito wa jambo hilo. Mwaka 1968 uwanja wao ukapewa jina la Silver.

Haya niliyasikia kwanza kwa jirani yangu, mzee aliyenikaribisha sebuleni, akafungua bahasha ya plastiki na kutoa cheti cha hisa cha marehemu baba yake. Kingo zilikuwa zimegeuka manjano, na mkunjo wa katikati ulikuwa umeshikizwa kwa selotepu. Alikishika kwa mikono miwili, kama mtu anayeonyesha hati ya kiwanja.

Waulize wazee pia kuhusu siku moja, si msimu mzima, kwa sababu siku moja ndiyo hukaa moyoni. Wangu alinisimulia usiku wa Aprili 18, 1981, aliposikiliza redioni mechi ya ugenini dhidi ya Pawtucket mpaka usingizi ukamshinda. Besiboli ina vipindi tisa, lakini mechi ile ilifika kipindi cha 32 ikiwa sare ya 2-2, ikasimamishwa saa kumi na dakika saba alfajiri, uwanjani wakiwa wamebaki watazamaji 19.

Hata hivyo, linganisha kila simulizi na magazeti ya zamani yaliyohifadhiwa maktaba. Mzee aliamini mechi ilimalizika kesho yake, kumbe iliendelezwa Juni 23, na Pawtucket wakashinda 3-2 kwa kipindi kimoja cha dakika 18. Nilimpelekea nakala ya habari hiyo. Aliisoma polepole, akaniuliza kama anaweza kubaki nayo, kisha akaitia kwenye bahasha yenye cheti cha baba yake.