Rangi inanata, zamu inaita: Catalina ya msomaji wa Changamwe

SWALI: Asalaam aleykum fundi. Mimi nafanya kazi ya zamu bandarini, na nikirudi nyumbani Changamwe hubaki na dakika arubaini hivi kabla ya kulala. Najenga modeli ya plastiki ya Catalina, ile ndege ya kutua majini ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa kipimo cha 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ya kweli. Kiwiliwili na mabawa nimeshaviunga. Nilipiga rangi ya enameli (rangi ya mafuta) ya kijivu kwa brashi ya hewa, ile inayopuliza rangi kwa kompresa, nikaizimua kwa mafuta ya taa kwa sababu muuzaji wa duka la rangi aliniambia ni yale yale. Nikakausha kwa draya ya nywele, na usiku wa pili nikabandika tepu ili nipige rangi ya pili. Tepu ilipotoka ikatoka na rangi, na kila niliposhika pana alama ya kidole. Muuzaji sasa ananiambia nichukue thina ya magari, eti inakauka papo hapo. Nisaidie: ni rangi gani ikaukayo haraka inayomfaa mtu asiye na wakati?

JIBU: Wa aleykum salaam. Thina ya magari usiinunue, na kama umeshainunua usiifungue karibu na hiyo ndege. Rangi uliyo nayo haina kosa lolote.

Kosa liko katika imani moja iliyowashika karibu wote wanaojenga ndege baada ya kazi: kwamba rangi ikiguswa isipochafua kidole, basi imekauka. Imeshika juu tu. Enameli ina safari mbili. Kwanza kiyeyushi, kile kimiminika kinachoizimua rangi, huruka hewani, kazi ya saa chache, na hapo ndipo kidole kinatoka safi. Kisha mafuta yaliyomo ndani ya rangi hushikana na oksijeni, polepole, mpaka utando wote uwe mgumu kutoka juu hadi kwenye plastiki. Huko ndiko kuiva. Koti jembamba lililozimuliwa sawasawa huiva kwa siku mbili tatu, na koti nene huweza kula wiki nzima na zaidi. Kidole hupima uso peke yake, ilhali tepu huvuta utando mzima, na kama chini bado ni laini utaondoka nao.

Sasa tazama draya ilifanya nini. Hewa moto ilipopiga rangi mbichi, uso ulijifunga kama uji uliofanya utando, na kiyeyushi kikabaki chini hakina pa kutokea. Ulitaka kuokoa usiku mmoja, ukajiongezea wiki. Na una bahati bawa halikupinda. Polistirini, plastiki ya modeli hizi, huanza kulegea joto likikaribia nyuzi 90, na draya ikishikwa karibu hufika huko. Bawa la Catalina kwa kipimo chako lina sentimita 44 ncha hadi ncha, na limekaa juu ya nguzo moja ya katikati. Likipinda, hulinyooshi tena. Wanaoanika ndege juani kwenye dari ya nyumba, au wanaoiacha kwenye dashibodi ya gari lililofungwa vioo, wanafanya kosa hilo hilo bila umeme. Joto la upole, nyuzi 35 hadi 40, halina neno na kwa kweli husaidia, lakini liwe hewa ya chumba au ya kasha. Pumzi ya moto iliyoelekezwa mahali pamoja haifai.

Mafuta ya taa ni habari nyingine. Yana sehemu nzito zinazochelewa kuruka, na huacha unyevu wa mafuta ndani ya rangi. Taa itawaka, rangi haitakauka. Enameli izimue kwa kizimuaji cha kampuni ile ile iliyotengeneza rangi, au kwa waiti spiriti safi, takriban nusu kwa nusu, mpaka ifikie uzito wa maziwa. Kompresa iweke kwenye shinikizo la psi 15 hadi 20 na mkono uwe sentimita kumi hivi kutoka kwenye plastiki. Koti la kwanza liwe ukungu tu, plastiki ionekane kupitia rangi. Subiri dakika kumi na tano, ndipo upige la pili. Makoti matatu mepesi huiva mapema kuliko moja zito, na hayafukii mistari ya bati iliyochongwa kwenye mabawa.

Hiyo thina ya magari ijaribu kwenye fremu iliyoshikilia vipande, ile unayoitupa. Dondosha tone moja uangalie. Mng'aro wa plastiki hufifia, kisha pale penye tone hunata, ukigusa kwa kijiti cha meno kinaacha shimo. Thina ile imetengenezwa kwa ajili ya rangi ya bati, na viyeyushi vilivyomo ni jamaa wa vile vilivyo ndani ya gundi ya modeli, ambayo kazi yake ni kuyeyusha plastiki ili vipande viungane. Ukiipiga juu ya enameli ambayo haijaiva ni balaa juu ya balaa: rangi ya chini hukunjamana, ukiikwangua unakuta plastiki yenyewe imeliwa. Muuzaji anayesema thina ni thina anajua kuuza galoni. Modeli haijui.

Kwa ndege uliyo nayo mkononi: ing'oe tepu yote iliyobaki, polepole, ukiikunja ijirudie yenyewe badala ya kuivuta juu. Iache ndege wiki mbili mahali penye hewa, ifunikwe kwa kasha lililoinuliwa kidogo upande mmoja ili vumbi lisiingie lakini oksijeni ipite. Usiifungie ndani ya mfuko wa plastiki, maana enameli bila hewa haiivi. Kisha inuse. Ndiyo, puani kabisa: ukisikia harufu ya rangi, bado. Ikiwa baada ya wiki mbili bado inanata, mafuta ya taa yameshinda. Ifute kwa kitambaa kisicho na manyoya kilichotiwa waiti spiriti kidogo, usiiroweke, na usikaribie vioo. Halafu ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, ikauke usiku kucha, na kuanzia hapo ishike kwa glavu. Jasho la vidole vya Pwani huzuia rangi kushika, na alama huja kuonekana baada ya koti la mwisho, wakati huna tena la kufanya.

Siku nyingine, kila unapopiga rangi piga na kijiko cha plastiki pembeni. Kijiko ndicho kibonyezwe kwa kucha, ndicho kibandikwe tepu kwanza. Ndege iache.

Sasa huo wakati. Dakika arubaini kwa usiku ni nyingi, tena zinatosha kwa ndege yenye maelezo mengi kuliko hiyo. Kinachokula wakati ni mpangilio. Kazi zote za modeli ni za aina mbili: zinazotaka mkono wako na zinazotaka saa ya ukutani. Kukata, kupiga msasa, kujaribisha vipande kabla ya gundi, kukata tepu, kupaka viti na paneli ya chumba cha rubani kwa brashi ndogo, hizo za mkono. Gundi, puti, rangi na vanishi ni za saa. Wengi hukaa mezani, kitu cha kwanza wanaunga mabawa, halafu wanabaki kuyatazama yakauke na kuyagusagusa. Geuza. Dakika thelathini za kwanza fanya za mkono, na jambo la mwisho kabla ya kuzima taa liwe la kusubiri. Unalala, inaiva. Unaingia zamu ya saa kumi na mbili, inaiva. Ukipangiwa zamu za usiku mfululizo, hiyo ndiyo wiki ya kuiachia enameli.

Brashi ya hewa usiifungue usiku wa kazi. Kuitayarisha na kuiosha hula karibu nusu ya muda wako, hata kama umepaka pangaboi mbili tu. Kusanya vipande, vibandike kwenye vijiti, uvipige vyote siku ya mapumziko, tena mchana. Hapa Mombasa unyevu wa hewa huwa mkubwa usiku na alfajiri, hupungua kuanzia saa tano hadi saa tisa hivi. Mwezi wa Aprili na Mei, masika yakishika, kuna siku ambazo hupaswi kupiga kabisa, hasa laka, ile rangi ya kukauka upesi sana, na vanishi. Kiyeyushi cha laka kikiruka kwa kasi hupoza uso, unyevu wa hewa unatua ndani ya utando, na rangi inatoka na weupe wa ukungu. Watu huilaumu rangi. Kompresa nayo iwe na chujio la maji kwenye mpira. Bila hilo utaona tone linatemwa katikati ya bawa.

Kama enameli inakuchosha kusubiri, akriliki ya modeli, mfano ya Tamiya, hushikika ndani ya saa moja na hubeba tepu baada ya siku nzima. Hilo ndilo jibu la swali lako kama ulivyoliuliza. Lakini ukiitendea akriliki ulivyoitendea enameli, tepu itaondoka nayo vile vile. Na tepu yenyewe iwe ile ya njano ya modeli, ambayo kwanza unaibandika nyuma ya kiganja ili upunguze nguvu yake. Ile ya kufunikia kuta ina gundi kali mno.

Mawili ya Catalina yenyewe, kabla hujafika mbali. Vile vioo viwili vilivyofura ubavuni usivibandike kwa supaglu. Mvuke wake huacha ukungu mweupe ndani ya kioo, na unyevu wetu huongeza tatizo. Tumia gundi nyeupe ya mbao, ambayo ikikauka haionekani. La pili ni uzito wa pua. Ikiwa boksi lako ni la aina yenye magurudumu, pua isipotiwa uzito ndege itakalia mkia. Chubwi za kuvulia zinafaa na ni rahisi kupatikana, ila zishikize kwa epoksi. Chubwi ni madini ya risasi, nayo yakikaa ndani ya gundi nyeupe hushika kutu nyeupe inayofura taratibu, na miaka baadaye kiwiliwili kinapasuka kwenye mshono, hakuna aliyeigusa. Ikiwa hujaamua ni Catalina ya wapi, zipo zilizotia nanga hapo Kipevu karibu nawe wakati wa Vita vya Pili: vikosi namba 209 na 259 vya jeshi la anga la Uingereza vilikuwa huko, na cha 259 kiliundwa upya Kipevu penyewe mwaka 1943. Nyingi za Uingereza zilikuwa za majini tupu, hazina magurudumu ya kutulia nchi kavu. Ukichagua hizo unaziba mashimo ya magurudumu kwa kipande cha plastiki na puti, na habari ya chubwi inakwisha.

Stika za maji, zile za alama za ndege zinazoloweshwa kabla ya kubandikwa, zina ugonjwa ule ule wa haraka. Juu ya rangi isiyong'aa hewa hunaswa chini yake, zinaonekana na mng'ao wa rangi ya fedha. Piga vanishi ya kung'aa kwanza, isubiri siku moja au mbili, ndipo ubandike.

Sasa niseme na wengine pia, maana muuzaji wako hayuko peke yake. Kuna mafundi wa rangi za magari wanaowashauri vijana wamalizie modeli kwa vanishi ya gari, ile ya makopo mawili yenye hadena, yaani dawa ya kuigandisha. Ni kweli, inakuwa ngumu kwa saa chache na inang'aa sana. Hadena ile ina kemikali iitwayo isosayaneti. Ikipulizwa inaingia mapafuni, na mwili ukishaikataa mara moja, pumu inaweza kurudi kila utakapoivuta tena, hata kidogo. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii chochote. Mafundi wa magari wanaojiheshimu huipuliza ndani ya banda la rangi wakiwa na barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Wewe unataka kuipuliza kwenye chumba ambacho watoto wamelala nyuma ya pazia. Hapana.

Hata enameli na waiti spiriti zina mvuke. Dirisha liwe wazi, feni iwe inatoa hewa nje na isikupulizie ndege vumbi, jiko la gesi liwe limezimwa, na barakoa iwe ya vichujio vya mkaa kwa ajili ya mivuke. Na atakayekuambia umwagie petroli kidogo kwenye rangi ili ikauke upesi, ambaye naye yupo, mwache azungumze peke yake.