Onyo la %lu: maneno kwa wadogo wanaoanza kushika zana za kufuatilia programu

Wadogo zangu wa Lubumbashi mnaoanza kuchangia perf, trace-cmd (zana za kufuatilia programu kwenye Linux) au zana ndogo iliyoandikwa kazini kwenu: kazi ya kwanza mtakayookota huenda ikawa onyo la kompaila kuhusu `%lu`, alama inayoiambia `printf` ya C ichapishe namba ya aina `unsigned long`. Linaonekana jambo la dakika tano. Unageuza `%lu` kuwa `%llu`, ya `unsigned long long`, onyo linanyamaza, unatuma kiraka, yaani badiliko lako la msimbo. Kesho yake mtu mwenye mashine ya aina nyingine anajibu kwamba onyo limehamia kwake. Hapo hakuna kilichorekebishwa.

Chanzo chenyewe ni kifupi. Kwenye Linux ya x86-64 (kompyuta za kawaida za biti 64) yenye maktaba ya C ya glibc, `uint64_t`, namba ya biti 64 isiyo na alama ya hasi, ni `unsigned long`. Kwenye Linux ya biti 32, `uint64_t` hiyohiyo ni `unsigned long long`. Kwenye macOS ni `unsigned long long` hata kama mashine ni ya biti 64. Windows ya biti 64 nayo ina `long` ya baiti 4 tu. Kwa hiyo `%lu` na `%llu` zote mbili ni sahihi mahali fulani na kosa mahali pengine. Ni kama muuza unga wa soko la Kenya, hapa Lubumbashi, anayepima kwa meka na mnunuzi anayehesabu kwa kopo: unga ni uleule, hesabu hazikutani.

Wengi huuliza: kama kwangu inachapisha vizuri, onyo linanihusu nini? Tazameni mstari huu, wa aina inayopatikana karibu katika kila zana ya kufuatilia:

`fprintf(f, "%lu [%d] %s\n", saa, pid, jina);`

Hapa `saa` ni `uint64_t` yenye nanosekunde tangu mashine iwashwe, na `pid` ni namba ya mchakato. Kwenye x86-64 kila hoja ya namba (thamani unayoipa `fprintf`) inapata nafasi yake ya biti 64, kwa hiyo hata ukikosea alama moja, zinazofuata hazisogei. Ndiyo maana hitilafu hii inaweza kujificha miaka kwenye kompyuta zetu. Sasa chukua programu hiyohiyo uipeleke kwenye kibao cha ARM cha biti 32, vile vinavyofungwa kusoma vipimo vya pampu na jenereta huko migodini. `saa` inachukua nafasi mbili za baiti 4. `%lu` inasoma nusu ya chini peke yake. `%d`, iliyotakiwa kusoma pid, inasoma nusu ya juu ya saa. `%s` inabaki na pid, inaichukulia kuwa anwani ya kumbukumbu, na programu inaanguka palepale.

Ukiwa na bahati mbaya zaidi, mstari hauna `%s`. Basi hakuna kinachoanguka, na ripoti inatoka nzuri machoni lakini ni uongo. Dalili zake zikaririni. Nusu ya chini ya nanosekunde inajaa kila sekunde 4.29, hivyo saa za matukio zinapanda, zinarudi sifuri, zinapanda tena. Na ile "pid" inaongezeka moja kila baada ya sekunde 4.29: saa nzima baada ya kuwasha mashine utaona pid 838 kwa kila mchakato. Mtu asiyejua atatumia siku nzima akitafuta mchakato namba 838. Anayejua anagawanya 3600 kwa 4.295, anacheka, anafungua faili la C.

Kuna kijisehemu kingine cha ARM ambacho huwachanganya hata wakubwa. Hoja za kwanza hupitishwa kwenye rejista r0 hadi r3, vijisanduku vya ndani ya prosesa, na thamani ya biti 64 hupangwa kuanzia rejista yenye namba shufwa. Katika `fprintf` faili na fomati zinakaa r0 na r1, saa inaingia r2 na r3 bila pengo. Katika `printf` fomati iko r0, r1 inarukwa, saa inakaa r2 na r3. Kwa hiyo mstari uleule wenye kosa lilelile unatoa takataka tofauti kutegemea umeita ipi kati ya hizo mbili. Msijenge nadharia juu ya takataka. Rekebisheni alama kwanza, ndipo mwangalie tena.

Rekebisho. Kwa kigeu mlichokitangaza wenyewe kuwa `uint64_t`, tumieni `PRIu64` kutoka `inttypes.h`, iliyopo tangu C99: `"%" PRIu64 "\n"`. Acheni nafasi kati ya alama za nukuu na jina hilo. Kwenye C++11 na kuendelea, ukizibananisha kompaila itaisoma kama kitu kingine kabisa na kukataa. `size_t` ina `%zu` yake, msiihangaikie.

Mtego uko kwenye `__u64`, aina inayotoka kwenye faili za vichwa za kerneli (kiini cha Linux), kwa mfano ndani ya `perf_event_attr`. Kwenye x86-64 `__u64` ni `unsigned long long` wakati `uint64_t` ni `unsigned long`. Ukubwa ni mmoja, majina mawili, na kompaila inalalamika ukitumia `PRIu64`. Kwenye PowerPC ya biti 64 mambo yanageuka, `__u64` ya upande wa mtumiaji huwa `unsigned long`, isipokuwa umetangaza `__SANE_USERSPACE_TYPES__` kabla ya vichwa. Mimi kwa `__u64` naandika `(unsigned long long)` mbele ya thamani na kuchapisha kwa `%llu`. Si nzuri kwa macho, lakini inafanya kazi kila mahali na hata mgeni anaielewa bila kufungua faili jingine. Perf wamechagua njia yao: wameifanya `u64` iwe `uint64_t` kwenye kila aina ya mashine ili `PRIu64` itumike bila onyo. Ukiingia nyumba ya watu fuata desturi yao. Na ndani ya kerneli yenyewe `u64` ni `unsigned long long` popote, kwa hiyo `%llu` bila kast (ile `(unsigned long long)` ya mbele) inatosha. Msiwapelekee `PRIu64`, watawarudishia.

Hayo yote yanahusu fomati iliyo ndani ya programu yenu, ambayo kompaila anaiona. Zana za kufuatilia zina fomati ya pili ambayo hakuna kompaila atakayewakagulia, kwa sababu inafika kama data. Fungueni, mkiwa root, `/sys/kernel/tracing/events/sched/sched_switch/format`. Kwenye kerneli za kabla ya 4.1 njia ni `/sys/kernel/debug/tracing`. Mtaona mistari ya namna hii:

`field:long prev_state; offset:32; size:8; signed:1;`

na chini kabisa `print fmt:` ikiwa na alama zake za `%s` na `%d`. Hiyo ni fomati ya kerneli iliyorekodi, si ya mashine inayosoma. Kerneli ya biti 32 itaandika `size:4` kwenye mstari huohuo, na `next_comm` inayofuata itaanza baiti ya 36 badala ya 40. Anayeandika msomaji wake kwa kutangaza `struct` yenye `long` ndani ameshapotea, maana `long` yake ni ya kompyuta iliyo mezani pake. Njia salama ni kusoma `offset` na `size` kutoka kwenye faili, kuchukua baiti hizo, kuzipanua kuwa `long long` kwa kuheshimu `signed`, na kuchapisha kwa urefu mliouchagua nyinyi. Maktaba ya libtraceevent inafanya hivyo: ikikuta `%l` kutoka kerneli ya biti 64 huku msomaji ana `long` ya baiti 4, inaigeuza `%ll`. Faili la trace.dat la trace-cmd nalo linabeba kwenye kichwa chake mpangilio wa baiti, ukubwa wa `long` wa mashine iliyorekodi, na nakala za fomati za matukio. Ndiyo maana rekodi ya kibao cha Kolwezi inasomeka kwenye kompyuta ya Lubumbashi bila kuuliza mtu.

Katika `print fmt` mtakutana pia na `%pS`, `%pI4`, `%pM`. Hizo ni za kerneli tu. Mkizitupa moja kwa moja kwenye `printf` ya libc itachapisha anwani halafu S, I4 au M kando yake.

Jambo linalotugusa sisi kuliko watu wa Nairobi: kompyuta zetu nyingi zimewekwa kwa Kifaransa. Zana ikiita `setlocale`, `%.6f` inatoa `0,250000` badala ya `0.250000`. Script inayokata mistari kwa koma itahesabu safu moja zaidi, na grafu itachora upuuzi. Endesha zana kwa `LC_ALL=C` mbele ya amri. Kama zana ni yenu, chapisheni sekunde na mikrosekunde kama namba kamili mbili za aina `unsigned long`, `%lu.%06lu`, jinsi ftrace, mfumo wa kufuatilia ulio ndani ya kerneli, inavyofanya. Namba kamili hazijali lugha. `LC_ALL=C` hiyohiyo iwekeni kabla ya kunakili onyo la GCC kwenye ripoti. Onyo la Kifaransa ni sahihi kabisa, ila mtunzaji wa zana aliye mbali hatalipata akilitafuta.

Kuhusu usalama nitasema kidogo. Jina la mchakato ni baiti 16 pamoja na sifuri ya mwisho, na mchakato wowote unaweza kujibadilishia jina kwa `prctl`. Unaweza kujiita `%s%s%n`. Kwa hiyo `fprintf(f, jina)`, inayolisoma jina kama fomati, haikubaliki hata kwa majaribio. Ni `fprintf(f, "%s", jina)` siku zote. Na kama mna kitendaji chenu cha kuandika kumbukumbu za matukio (logi), kipeni `__attribute__((format(printf, 1, 2)))`, au namba zinazolingana na nafasi za hoja zenu. Bila hiyo kompaila hakagui chochote kinachopitia humo, na `-Wall` inawadanganya kwamba mambo ni safi.

Kupima si lazima kununua kibao wala kushusha mashine pepe nzima kwa mega zenu. Kwenye Debian au Ubuntu, pakiti ya `gcc-multilib` inatosha kwa kuanzia: endesheni `gcc -m32 -Wall -fsyntax-only` juu ya faili mlilogusa, halafu bila `-m32`. Maonyo ya pande zote mbili yakiisha, ndipo mtume. Fanyeni hivyo umeme ukiwapo, na mhifadhi matokeo kwenye faili.

Katika ujumbe wa kiraka wekeni onyo lenyewe, taja aina ya mashine na toleo la kompaila, kisha sababu kwa sentensi mbili. Msichanganye na kusafisha nafasi au kubadili majina ya vigeu; hayo yaende kiraka kingine. Kama hitilafu ililetwa na badiliko mnalolijua, ongezeni mstari wa `Fixes:` wenye herufi 12 za mwanzo za hashi yake (namba yake ya utambulisho kwenye git) na kichwa chake. Mtunzaji akijibu kwa neno moja kavu, msikasirike wala msiandike barua ndefu ya kujieleza: geuzeni alichotaja, pimeni tena pande zote mbili, tumeni v2, toleo la pili la kiraka.