Maswali ya Wasomaji: Goti Likiuma, Tulitumie au Tulipumzishe?

SWALI: Mama yangu ana miaka 62. Magoti humuuma hasa akishuka ngazi, na asubuhi hukakamaa kwa dakika 10 hivi kisha hulegea. Ana presha. Humeza diklofenaki, dawa ya maumivu, kila siku, na jirani amemshauri asitembee ili magoti yasizidi kulika. Tufanyeje?

JIBU: Mpe pole mama. Tuanze na vidonge, maana hapo ndipo penye hatari. Diklofenaki hupandisha presha, huweza kusababisha vidonda vya tumbo na hupunguza damu inayofika kwenye figo. Ikichanganywa na baadhi ya dawa za presha, figo huelemewa zaidi. Amwone daktari wake mapema, asiendelee hivyo hivyo. Amuulize pia kuhusu diklofenaki ya kupaka: hutuliza goti vizuri, na inayoingia kwenye damu ni kidogo sana.

Jirani ana nia njema, lakini ushauri wake utamdhuru mama. Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, haina mishipa ya damu. Hupata lishe kutoka kwenye ute wa kiungo, na ute huo husukumwa na mwendo. Tena, anaposhuka ngazi ni misuli ya mbele ya paja inayozuia uzito. Asipoitumia hudhoofika, na goti hubaki na mzigo wote.

Kwa hiyo aijenge. Aketi kwenye kiti imara, mgongo wima, anyooshe mguu mmoja mpaka goti linyooke kabisa, ahesabu hadi 5, kisha aushushe polepole. Mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Wengi hukosea kwa kuurusha mguu juu na kuuachia uanguke. Hapo misuli haifanyi kazi yoyote ya maana. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si tatizo. Ila goti likivimba au likiuma zaidi kesho yake, apunguze idadi iwe nusu, asiache. Matokeo huchukua wiki kadhaa, hivyo mtieni moyo.

Usiku asiweke mto chini ya goti. Hupata nafuu kweli, lakini goti huzoea kukaa limekunjwa na baadaye hukataa kunyooka. Akitumia fimbo, aishike kwa mkono ulio upande wa goti lenye nafuu. Kwenye ngazi, apande kwa kutanguliza mguu wenye nafuu na ashuke kwa kutanguliza unaouma.

Ukakamavu wa asubuhi ukizidi nusu saa na viungo vidogo vya mikono vikivimba, huenda ni baridi yabisi, yaani kinga ya mwili kushambulia viungo, na hiyo hutibiwa tofauti kabisa. Goti likivimba ghafla na kuwa la moto, hasa akiwa na homa, ni hospitali siku hiyo hiyo.

SWALI: Nimeanza mazoezi ya kuchuchumaa. Kwa nini mapaja yanauma zaidi siku ya pili kuliko siku yenyewe?

JIBU: Nyuzi za misuli hupata michubuko midogo, hasa unaposhuka, na maumivu hufikia kilele kati ya saa 24 na 72. Tembea taratibu na upumzishe mapaja mpaka yatulie, kisha urudi na idadi ndogo zaidi. Ila mkojo ukigeuka rangi ya chai ya rangi, nenda hospitali mara moja: misuli imeharibika kiasi cha kuhatarisha figo.