Mtoto wa mpangaji hana mtaa: jibu kwa aliyeuliza kuhusu TASAF na ustawi wa jamii Dar

Mleta mada, pole kwa mdogo wako. Umeuliza mambo mawili kwa mkupuo: jiji linawasaidiaje watoto wa kaya maskini, na yeye binafsi aanzie wapi, huku kapanga chumba kimoja Mbagala na watoto watatu, mume ambaye ni utingo wa malori ya Tunduma kazima simu tangu Mfungo Sita. Wachangiaji wengi hapo juu wamekujibu "aende TASAF" (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) wakamaliza. Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati ya serikali ya mtaa tangu uchaguzi wa Desemba 2014 hadi 2019, mtaa mmoja wa Temeke ambao sitautaja kwa kuwa baadhi ya wahusika bado tunasalimiana sokoni. Jibu langu ni refu, vumilia.

Kwanza hilo neno "jiji". Tangu Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ni ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni ni manispaa zinazojitegemea. Mbagala iko Temeke, kwa hiyo akipanda daladala mbili mpaka ofisi za jiji kule mjini ataambiwa kwa upole kwamba yeye si wa kwao. Nimeona akina mama wakipoteza siku nzima hivyo, na kwa mtu anayekaanga mihogo jioni ili watoto wale usiku, siku nzima ni kitu kikubwa.

Sasa TASAF. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulipofika mtaani kwetu mwaka 2015, wawezeshaji walikuja kutoka halmashauri, ukaitishwa mkutano wa hadhara kwenye uwanja wa shule. Utaratibu ni huu: wananchi wenyewe wanakubaliana vigezo vya kaya maskini, wanataja kaya, majina yanajazwa kwenye dodoso, dodoso linachujwa kwa kompyuta, kisha orodha inarudi mkutanoni kuhakikiwa. Kwa maandishi ni utaratibu mzuri kuliko mwenyekiti kukaa sebuleni kwake na kuandika shemeji zake. Kijijini kwa mama yangu, Korogwe, ulikwenda vizuri kwa sababu kule kila mtu anajua jiko la nani halikuwaka jana.

Mjini ni habari nyingine. Mkutano ulikuwa siku ya kazi, saa nne asubuhi. Waliokuja ni wenye nyumba, wazee, na wale wasiokosa mkutano wowote. Dada wa kufua nguo, kibarua wa kubeba zege, mama wa vitumbua, wote wako kwenye mihangaiko. Yakatajwa majina ya wajane wenye vijumba vyao vya urithi. Ni maskini kweli, sina ugomvi nao hata kidogo. Lakini hakuna aliyemtaja mpangaji hata mmoja mpaka wanawake watatu wa kikoba waliposimama na kusema kuna mwenzao anakaa uani kwa fulani, ana mapacha wa miaka minne na binti wa darasa la pili. Watu wakatazamana. "Nani huyo? Katokea wapi?" Alikuwa kakaa pale miezi kumi na tano.

Tulimwandika, mimi mwenyewe nikashikilia. Dodoso likajazwa, jina likapita. Siku ya uhakiki likaitwa mara tatu, kimya. Kodi yake ya miezi sita ilikuwa imeisha, mwenye nyumba kapandisha, naye akabeba magodoro na mapacha wake akaondoka. Wengine wakasema Kongowe, wengine Mkuranga. Jina likakatwa kwa kalamu nyekundu. Mezani kulikuwa na wajumbe wanne na hakuna aliyekuwa na namba yake ya simu, mimi nikiwemo.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa tatizo la mji huu. Misaada yetu yote imefungwa kwenye mtaa, na mtaa wenyewe unamaanisha watu wanaokujua. Maskini wa Dar ni mpangaji, na mpangaji kila baada ya miezi sita anaweza kuwa mgeni mahali pengine. Watoto wake wanazaliwa mtaa huu, wanaanza shule mtaa ule, wanapata surua mtaa mwingine, na kote huko hakuna balozi wa nyumba kumi anayewajua kwa majina.

Halafu kuna hesabu ya pesa zenyewe. Awamu ile kaya ilipata 10,000 kwa mwezi kama ruzuku ya msingi, 4,000 kwa kuwa na watoto, kisha nyongeza za masharti: mtoto mdogo anayehudhuria kliniki 4,000, mwanafunzi wa msingi 2,000 kwa kila mmoja, na wa sekondari zaidi kidogo. Kikomo kilikuwa 38,000, zikilipwa kila baada ya miezi miwili. Mwanafunzi alitakiwa ahudhurie walau asilimia 80 ya siku za masomo, la sivyo panakatwa. Viwango vilikuwa hivyo hivyo Newala na Temeke. Kule mtu alinunua mbuzi wawili. Hapa chumba cha bati kisicho na dari kilikuwa 30,000. Kipindi cha pili kilipozinduliwa Februari 2020 viwango vilibadilishwa na malipo mengi yakahamia kwenye simu na benki, ila mantiki ni ile ile.

Sisemi haisaidii. Mzee mmoja hapo juu kaandika kwamba watu wa mjini wakipewa hela wanaenda kunywa. Mzee wangu, kwa miaka minne nilikuwa nakaa kwenye meza ya malipo. Niliowaona wakitoka pale walikuwa wanakwenda duka la sare za shule, au moja kwa moja kwa Mangi mwenye duka kulipa deni la unga. Mlevi alikuwepo, mmoja, na mkewe ndiye aliyekuwa mpokeaji.

Ukiacha TASAF, ambayo ni ya serikali kuu (halmashauri inasimamia tu kupitia mratibu wake), manispaa yenyewe ina nini mfukoni? Utasikia asilimia kumi. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya pesa nyingi kutorudi na vikundi hewa kugundulika, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Mtoto hayumo humo. Anapata kinachodondoka kwa mama, na mama ili akipate lazima awe na kikundi kilichosajiliwa, chenye watu wanaoaminiana, wanaokaa mahali pamoja. Unaona tunarudi wapi? Mdogo wako kwa hali aliyonayo leo asianzie huko. Mkopo ni deni, na mtu aliyeachiwa watoto watatu haanzi na deni.

Aanzie ustawi wa jamii. Hapa watu wengi wanachanganya ofisi mbili. Afisa maendeleo ya jamii ndiye wa vikundi na mikopo. Afisa ustawi wa jamii ndiye wa watoto, matunzo, ukatili, wazee, msamaha wa matibabu. Ukienda kwa wa kwanza na shida ya wa pili utaambiwa "njoo Alhamisi" mpaka uchoke. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 94, inaitwisha halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto aliye ndani ya eneo lake. Nakitaja kifungu kwa makusudi. Nimemwona mama mmoja akikitamka mbele ya dawati, yule kijana wa mapokezi akasimama akatafuta kiti.

Mwaka 2017 nilimsindikiza jirani yetu, kesi yake pacha na ya mdogo wako, tofauti mume alikuwa fundi magari na alikuwa hapa hapa Dar kwa mwanamke mwingine. Tulikwenda na barua ya utambulisho ya mtaa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wawili na tangazo la kizazi la wa tatu, ambaye cheti chake kilikuwa bado. Afisa alikuwa mmoja akihudumia kata zaidi ya tatu, na kiti cha wageni kilikuwa na mguu mbovu. Lakini alisikiliza mpaka mwisho. Akaandika wito. Wa kwanza jamaa akaupuuza, wa pili akaja na mjomba wake, kanyoa, kavaa kanzu. Wakakubaliana 80,000 kwa mwezi, kwa maandishi, zipite ofisini ili iwepo kumbukumbu. Alilipa miezi mitatu. Wa nne akaanza hadithi, na kwa kuwa faili lilikuwepo, suala likapelekwa mahakama ya watoto bila kuanza upya. Faili hilo ndilo lililomwokoa yule dada. Siku hizi Temeke kuna Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki kinachoshughulikia mambo ya familia, kwa hiyo mdogo wako hatahangaika kwenda mbali.

(Kwa wanaosema sheria hazijabadilika: kabla ya sheria hiyo ya 2009, baba wa mtoto wa nje ya ndoa aliweza kuamriwa matunzo ya shilingi 100 kwa mwezi. Mia. Bei ya pipi.)

Ofisi hiyo hiyo ndiyo ya msamaha wa matibabu. Kisera mtoto wa chini ya miaka mitano na mama mjamzito hawalipi kwenye vituo vya serikali, ingawa dawa zikiisha dirishani unajua utakapoelekezwa. Shida huanza mtoto akitimiza miaka mitano. Binti wa jirani yule yule alilazwa hospitali moja ya serikali, bili ikawa kubwa, mama akakaa siku mbili nje ya wodi akipigia ndugu simu. Mfanya usafi ndiye aliyemwambia hapo hospitali kuna dawati la ustawi wa jamii. Bango lipo, limefichwa na kabati. Akaombwa barua ya mtaa, nikaiandika saa moja usiku juu ya kiti cha bodaboda.

Shule sitakaa sana. Ada ilifutwa Januari 2016, serikali inatenga 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na kila mzazi anajua kilichobaki: uji, mitihani ya majaribio, mlinzi. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa mchango, mama asibishane na mwalimu wa zamu. Aende kwa mtendaji wa kata, ndiye anayeogopa suala hilo kufika kwa mkurugenzi.

Ila kwenye chakula cha shule nawaonea wivu Nairobi. Serikali ya kaunti ilianza 2023 kujenga majiko makubwa ya pamoja, mtoto anagusisha bangili ya mkononi na analipa shilingi tano za kwao kwa sahani ya mchana. Pesa inayobaki inabebwa na kaunti na washirika wake. Wana mabishano yao juu ya mpango huo, siwezi kuwasemea. Ninachokipenda ni kimoja: hakuna dodoso, hakuna mkutano wa saa nne, hakuna anayeuliza mama yako amepanga wapi na tangu lini. Mtoto yuko shuleni, anakula. Temeke ingejaribu hata kwa kata mbili ningejitolea kuosha sufuria.

Basi, mdogo wako. Kesho aende ofisi ya serikali ya mtaa anakokaa, aombe kuandikwa kwenye daftari la wakazi yeye na watoto wote watatu kwa majina. Wapangaji wengi hawafanyi hivi, wanadhani ni la wenye nyumba. Aache namba mbili za simu, yake na yako. Achukue barua ya utambulisho. Akidaiwa "elfu mbili ya karatasi", aombe risiti, ghafla karatasi itapatikana bure. Aulize jina la afisa ustawi anayehudumia kata yake na siku anazokuwepo, aende na vyeti na jina kamili la mume, namba ya leseni au ya kitambulisho kama anayo, pamoja na jina la kampuni ya malori. Utingo anapatikana kirahisi kuliko anavyodhani, kila gari lina tajiri. Kuhusu TASAF, amwambie mtendaji wa mtaa ajulishwe lini kutakuwa na utambuzi wa kaya mpya, lakini asikae akiisubiri. Na kama kuna vitisho au kipigo popote kwenye hadithi hii ambacho hukutuandikia, namba ya bure ni 116.

Umesema pia anafikiria kuhamia Chanika kwa kuwa vyumba ni nafuu. Namwelewa, ila Chanika ni Ilala, yaani atakuwa amevuka kutoka manispaa ya Temeke kwenda jiji, na kila alichokiandikisha kitabaki nyuma yake. Akiweza kubana kodi moja zaidi, asihame kabla wito haujatoka na faili halijapata namba. Akishindwa, na atahama tu, basi kabla ya kupakia godoro apitie kwa afisa aombe nakala ya kila karatasi, na siku ya kwanza Chanika, kabla hata hajatundika chandarua, aende kwa mwenyekiti wa mtaa akajitambulishe. Akikwama kwenye barua, nitumie ujumbe wa faragha (PM), nitakuandikia mfano.