Povu Zito Kutokana na Vipande vya Sabuni ya Kunyolea

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi hunyoa ndevu kwa wembe, brashi na sabuni ngumu ya kunyolea. Kila sabuni inapokaribia kwisha hubakiwa na vipande vyembamba ambavyo huvunjika na kuzunguka ovyo ndani ya bakuli ninapovisugua. Povu ninalopata ni jepesi, limejaa viputo vikubwa, na hukauka shavuni kabla sijamaliza upande mmoja. Sasa nina vipande kumi na kimoja kutoka kwa sabuni tatu tofauti na sipendi kuvitupa. Je, sabuni hupungua nguvu inapofikia mwisho wake? Na je, ninaweza kuviyeyusha vyote pamoja?

JIBU: Ndugu msomaji, sabuni yako haijapungua nguvu. Kipande cha mwisho kina viambato vilevile vilivyokuwamo siku ulipoifungua, na kinaweza kutoa povu zito kama la siku hiyo. Kilichopungua ni mahali pa kusugulia. Brashi inapozunguka juu ya sabuni nzima, ncha zake zote hugusa sabuni kwa wakati mmoja. Inapokutana na kipande chenye upana wa kidole gumba, ncha nyingi husugua bakuli tupu, na kipande chenyewe hukimbia badala ya kukaa imara. Hivyo brashi hutoka na maji mengi na sabuni kidogo, na hapo ndipo viputo vikubwa unavyovilalamikia hupatikana. Watu wengi huona povu ni hafifu wakaongeza maji, ilhali kinachokosekana ni sabuni.

Kuhusu kuyeyusha, jibu linategemea aina ya sabuni. Zile zinazopitisha mwanga, zilizotengenezwa kwa gliserini nyingi, huyeyuka vizuri katika chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto. Zile nyeupe na ngumu, ambazo kiwandani husagwa kati ya rola mara kadhaa ili zibaki na unyevu mdogo sana, haziyeyuki kwa njia hiyo: hugeuka uji wenye madonge, na moto ukizidi huungua na kuharibu harufu. Kwa kuwa vipande vyako vimetoka kwa sabuni tatu, na huenda si za aina moja, ninakushauri uachane na moto kabisa.

Njia ninayoiamini zaidi ni kuvikwaruza na kuvishindilia. Viache vipande vikauke kwa siku mbili au tatu, kwa sababu kipande kibichi hujipaka kwenye chuma badala ya kukatika. Kisha vikwaruze kwenye kikwaruzo cha jikoni chenye matundu madogo, au uvikwangue kwa kisu, mpaka upate chenga nyembamba. Nyunyizia maji ya uvuguvugu kwa matone, ukichanganya kwa vidole, na usimame mara tu chenga zinapoanza kushikana ukizifinya. Kijiko kimoja cha chai huwa kinatosha kwa chenga za kujaza kiganja. Zikande kama unga wa chapati, uziweke katika kikombe au bakuli dogo lenye kitako bapa, kisha uzishindilie kwa sehemu ya nyuma ya kijiko bila kuacha mianya ya hewa. Bakuli likae wazi siku mbili ili maji ya ziada yakauke. Utakuwa na sabuni moja iliyoshika kitako cha bakuli, isiyokimbia, na yenye uso mpana wa kuipokea brashi. Usijaze bakuli kupita nusu, kwani brashi inahitaji nafasi ya kuzunguka.

Sabuni tatu tofauti hushikana bila shida hata kama moja imetengenezwa kwa mafuta ya wanyama na nyingine kwa mafuta ya mimea. Tatizo linaloweza kutokea ni la manukato, kwa hiyo nusa vipande kabla ya kuvichanganya. Ikiwa ngozi yako iliwahi kuwashwa na mojawapo ya sabuni hizo, itenge. Ukiichanganya utakuwa umeieneza katika bakuli zima.

Baada ya hapo, kazi iliyobaki ni ya brashi na maji. Brashi ya nywele za nguruwe inahitaji kuloweshwa dakika chache katika maji ya uvuguvugu, kwa kuwa nywele hizo hunywa maji na kulainika. Ya nyuzi za sintetiki haihitaji zaidi ya kuchovya. Ikung'ute mara moja au mbili, kisha izungushe juu ya sabuni kwa nusu dakika hadi dakika nzima, bila haraka na bila kuikandamiza mno. Ncha zake zionekane zimefunikwa na utando mzito unaonata. Ukiona maji meupe yanayochuruzika, bado hujachukua sabuni ya kutosha, na hakuna ufundi utakaoliokoa povu hilo baadaye.

Utando ukishakuwa mzito, ndipo uanze kuongeza maji, tena matone machache kwa wakati mmoja, huku ukikoroga katika bakuli jingine au moja kwa moja usoni. Povu lililofifia na lenye kunatanata linaomba maji. Povu lenye viputo unavyoweza kuvihesabu limezidiwa maji, na dawa yake ni kurudisha brashi kwenye sabuni. Unalolitafuta hung'aa kidogo, viputo vyake havionekani kwa macho, na hutulia kwenye brashi kama mtindi mzito. Kukauka shavuni kabla hujamaliza upande mmoja, kama unavyoeleza, ni dalili ya povu lenye sabuni kidogo.

Kuna sababu nyingine ambayo haihusiani na ukubwa wa vipande. Maji magumu, yaani yenye kalisi na magnesi nyingi, huishika sabuni na kuigeuza utando mweupe usiotoa povu, ule unaoganda kando ya beseni. Ili kuijua hali ya maji yako, tengeneza povu mara moja kwa maji yaliyotoneshwa (yaliyokusanywa kutokana na mvuke) au ya mvua. Likiwa bora waziwazi, basi maji ya bomba ndiyo yanayokurudisha nyuma, na itakubidi uchukue sabuni nyingi zaidi au utenge chupa ya maji laini kwa ajili ya kunyolea tu. Nusu kikombe hutosha.

Siku utakapobaki na kipande kimoja tu, usihangaike na kikwaruzo. Lowesha ndevu vizuri, kisugue kipande hicho juu yake kuelekea kinyume cha zinavyoota ili nywele zenyewe zikwangue sabuni, halafu utengeneze povu usoni kwa brashi yenye unyevu. Mimi naona njia hii huleta povu zuri kuliko watu wanavyodhani. Au lowesha kipande na uso wa sabuni mpya, uvikandamize pamoja, uviache mpaka kesho yake, vitakuwa vimeungana.

SWALI: Ndugu Mhariri, je, naweza kuongezea vipande vya sabuni ya kuogea ili bakuli lijae?

JIBU: Usifanye hivyo. Sabuni ya kunyolea huwa na asidi ya steariki, yaani asidi ngumu itokanayo na mafuta, kwa wingi, ambayo huvipa viputo kuta nene zinazodumu, na mara nyingi sehemu yake hutengenezwa kwa potasiamu ili iyeyuke upesi katika maji. Sabuni ya kuogea kwa kawaida ni ya sodiamu, na mafuta yake huchaguliwa ili itoe viputo vingi kwa haraka na kusuuzika kwa urahisi, jambo linalofaa mwilini lakini lisilofaa chini ya wembe. Ukizichanganya, povu litapanda haraka na kuporomoka wembe ungali shavuni. Vipande vya kuogea vishindilie katika bakuli lake, ukae nalo karibu na sinki kwa ajili ya kunawia mikono.