Re: Laptopu ya shangazi inadai ina virusi, binamu hataki niiguse

Habari ndugu. Nimekuelewa: laptopu ya shangazi huko Kondele inatoa onyo la virusi kila mara, na binamu aliyemwekea antivairasi ya bure "iliyovunjwa" (yaani ya kulipia, iliyochezewa leseni) hataki mtu aiguse.

Kabla ya kuzozana naye, tazama onyo linatokea wapi. Likiibuka kona ya chini kulia, na ndani yake kuna anwani ya tovuti kwa maandishi madogo, mara nyingi hiyo si virusi. Ni arifa za Chrome, kivinjari cha intaneti. Kuna siku shangazi alibofya kitufe cha kuruhusu. Ingia mipangilio ya Chrome, faragha na usalama, mipangilio ya tovuti, arifa, uiondoe tovuti hiyo. Kwa mama mkwe wangu hapa Nakuru kelele ziliisha papo hapo. Likiendelea hata Chrome ikiwa imefungwa, mpelekee fundi.

Hiyo antivairasi ndiyo ya kutoa. Windows ina Defender, antivairasi yake yenyewe. AnyDesk, programu ya kuendesha kompyuta kutoka mbali, ikiwa humo na shangazi haijui, itoe pia.

Binamu usimkosoe mbele ya mamake, atakaza shingo bure. Shangazi aamue, mashine ni yake. Na nenosiri jipya la barua pepe aliweke mwenyewe, nyinyi wawili mkiwa nje mnakunywa chai.