Badala ya ukumbi, tulimpeleka mhitimu wetu Iringa kwa bibi yake

Mtoto anapohitimu chuo kikuu, jambo la kwanza linaloitishwa katika familia nyingi za Dar es Salaam ni kikao. Mwenyekiti anateuliwa, mweka hazina anafungua daftari, kadi za michango zinasambazwa, na karibu fedha zote zinaishia kwenye ukumbi, mapambo na mshereheshaji. Binti yetu alipomaliza shahada yake ya ualimu, akiwa amejikita katika somo la historia, mume wangu nami hatukuitisha kikao. Tulikodi Noah, tukapanda sisi, mhitimu, wadogo zake na shangazi yao, tukaelekea Iringa kwa mama mkwe wangu, ambaye miaka yote ile aliuza mahindi na maharage ili mjukuu wake apate ada ya sekondari, na ambaye miguu yake haimruhusu tena kukaa garini kutwa nzima. Naiandikia familia inayofikiria jambo kama hili, kwa kuwa ninaamini kwa dhati kwamba pongezi inapaswa kumfuata yule aliyegharamia elimu, hata kama anaishi mbali.

Anzeni na joho. Majoho mengi hukodishwa na yana tarehe ya kurudishwa, tena anayechelewa hutozwa faini, kwa hiyo mhitimu aulize mapema ni siku ngapi anaruhusiwa kukaa nalo, na safari ipangwe ndani ya siku hizo. Mahafali mengi huangukia Novemba na Desemba, wakati mvua zinaanza Nyanda za Juu Kusini. Ni vyema kuondoka kabla ya wiki ya Krismasi, ambapo barabara hujaa magari na nyumba za wageni hupandisha bei.

Jambo la pili, mhitimu aulizwe anataka kuona nini, na neno lake liwe la mwisho. Wadogo zake walitamani tuingie ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, lakini yeye aliomba Lugalo na Kalenga, sehemu mbili za historia ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Tulimkubalia, na wadogo hawakukosa kitu, maana barabara kuu inakatiza ndani ya hifadhi hiyo kwa takribani kilomita 50, na twiga, pundamilia na swala huonekana mkiwa mmekaa kwenye viti vyenu. Hapo mwendo ufuate vibao bila ubishi, kwa sababu tembo huvuka wakati wowote na anayemgonga mnyama hulipa faini kulingana na aina ya mnyama. Msiwarushie nyani chakula, hata watoto wakisihi vipi.

Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni karibu kilomita 500. Treni ya kisasa sasa inafika Morogoro na Dodoma, lakini Iringa bado ni safari ya barabara, na njia hiyo ndiyo inayobeba malori ya Zambia na Kongo. Ondokeni alfajiri ili mpate kifungua kinywa Morogoro na muumalize mlima Kitonga jua likiwa bado juu. Kabla ya kulichukua gari la kukodi, kagueni matairi, breki, mikanda ya viti vyote, kizima moto na pembetatu za kuakisi mwanga. Bonde la mibuyu linalofuata baada ya Mikumi lina joto kali, kwa hiyo wekeni maji ya kutosha mahali ambapo mkono unafika. Ruaha Mbuyuni nunueni vitunguu, kwa sababu ndiko vinakolimwa, na mwenyeji wenu atavifurahia kuliko keki. Kitonga ina kona kali juu ya korongo, na malori hupanda polepole mno. Mwenye kutapika garini akae mbele, na dereva asijaribu kulipita lori asipoona mbele.

Lugalo ipo kando ya barabara hiyo hiyo, kabla ya kuingia mjini Iringa. Binti yetu alitusimamisha mbele ya mnara, akaeleza jinsi wapiganaji wa Mkwawa walivyokivamia kikosi cha Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891 na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Mdogo wake wa mwisho aliuliza kwa nini mnara unawakumbuka wavamizi, naye, badala ya kumjibu, alimuuliza ni nani alikuwa na fedha na mamlaka ya kujenga minara wakati ule. Mtoto alifikiri, akajibu mwenyewe. Mume wangu alinitazama, nami nikaelewa tulichokuwa tumekilipia. Kalenga, mahali penye jumba la makumbusho linalohifadhi fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954, tulikwenda siku iliyofuata, na huko pia yeye ndiye aliyeongoza.

Kuna jambo moja ninalolisisitiza kuliko mengine yote. Kubalianeni kabla ya kuondoka kwamba hakuna atakayemuuliza mhitimu kuhusu ajira wala ndoa. Garini hana pa kukimbilia, na walimu wengi wanaohitimu husubiri kwa muda mrefu kupata nafasi, jambo wanalolijua vizuri kuliko sisi. Shangazi alilishika agano hilo kwa uaminifu, na baada ya Mikumi binti yetu alianza mwenyewe kueleza mipango yake, kwa uwazi ambao sikuwahi kuusikia nyumbani.

Bibi apewe taarifa mapema, pamoja na fedha ya chakula, kwa kuwa majirani watakuja na hatakubali waondoke bila kula. Mhitimu avae joho akiwa hapo nyumbani, kisha amvishe bibi yake, na wapigwe picha. Picha hiyo isafishwe mjini Iringa kabla hamjaondoka, kwa sababu simu ya kitochi haipokei picha za WhatsApp. Dereva apate siku nzima ya kupumzika kabla ya kurudi, na wakati wa kushuka Kitonga atumie gia ndogo, asiitegemee breki peke yake.